Daftari la Saa: Silsila ya Upasuaji wa Ubongo

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya wanafunzi wa uuguzi na udaktari, jamaa za wagonjwa na madereva wa bodaboda)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi wanangu mliokuja na sare zenu za uuguzi, hamjambo nyote. Na nyinyi vijana wa bodaboda mliosimama pale mlangoni, tafadhalini ingieni, viti viko. Maneno ya leo yanawahusu kuliko mnavyodhani.

Nimeombwa nieleze jinsi idara ya upasuaji wa ubongo inavyozaliwa katika hospitali ya kufundishia. Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na historia hii nimeisoma kwa kiu, kwa sababu ya mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa daktari. Alikuwa mgema.

Kijana yule alianguka mnazini alfajiri, akigema. Alizimia kidogo, kisha akazinduka. Ndugu zake walipomleta katika hospitali moja huku Pwani, ambapo mimi nilikuwa zamu, alikuwa akizungumza vizuri. Alitutajia jina lake na la baba yake, akauliza kibuyu chake kimeokotwa na nani. Juu kidogo ya sikio la kulia palikuwa na uvimbe, basi. Tukamwambia apumzike. Kufika adhuhuri alianza kusinzia. Nilimwita, akaniitika kwa mbali. Nilipommulika tochi machoni, mboni ya jicho la kulia ilikuwa imepanuka, haisinyai kwa mwanga.

Wanafunzi wangu, hili lishikeni. Pale juu ya sikio fuvu ni jembamba, na kwa ndani limepitiwa na mshipa wa ateri. Fuvu likipasuka, mshipa nao hukatika, na damu huanza kuvilia baina ya mfupa na ule utando mgumu unaofunika ubongo. Mwanzoni nafasi ipo, mgonjwa huzungumza na hata huomba chai. Lakini fuvu si tumbo, halitanuki. Damu ikizidi, ubongo husukumwa upande mmoja na kwenda chini, na mshipa wa fahamu unaoendesha mboni hubanwa. Ndiyo maana jicho hubadilika. Dawa yake ni kutoboa fuvu, kuitoa damu ile na kuufunga mshipa. Ubongo wenyewe mara nyingi haujaumia sana. Mgonjwa akiwahiwa, hurudi nyumbani kwa miguu yake.

Hatukuwa na mtu wa kutoboa. Aliyekuwa karibu alikuwa Nairobi, kilomita zipatazo 480, kwa njia ya lami ya siku zile. Gari lilitafutwa, mafuta yakatafutwa, barua ikatafutwa mtu wa kuipiga sahihi. Waliondoka saa 9 alasiri. Kijana yule alikata roho karibu na Mtito Andei, hata nusu ya safari haijakamilika vizuri, na gari likageuza.

Usiku ule nilinunua daftari la kurasa 96, la watoto wa shule. Sikuandika jina lake. Niliandika saa nne tu: saa aliyoanguka, saa aliyofika, saa mboni ilipobadilika, saa gari lilipoondoka. Sikujua naandika kwa nini. Nilijua tu kwamba nisipoandika, kesho tutasema aliletwa akiwa amechelewa, na haikuwa kweli. Aliwahi. Sisi ndio tuliochelewa.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Harvey Cushing, Mmarekani aliyezaliwa 1869, ambaye wengi humtaja kuwa ndiye aliyeufanya upasuaji wa ubongo kuwa fani inayojitegemea. Nilitarajia kusoma juu ya mikono yake. Nilichokuta kwanza ni kifo. Akiwa mwanafunzi Boston, siku hizo wanafunzi ndio waliopewa kazi ya kuwanusisha wagonjwa etha ili walale kabla ya kupasuliwa. Mgonjwa mmoja akamfia mkononi. Alitikisika hata akafikiria kuacha udaktari. Hakuacha. Yeye na mwenzake Ernest Codman walianza, mwaka 1894 na 1895, kuandika kwenye karatasi mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa kila baada ya dakika chache, tangu anapolazwa mpaka anapoamka. Ile chati ambayo leo mtaalamu wa nusukaputi hawezi kufanya kazi bila hiyo, chanzo chake ni vijana wawili waliofiwa na wagonjwa. Baadaye, mwaka 1901, Cushing alikuta Italia kifaa cha daktari Riva-Rocci cha kupimia presha mkononi, akakipeleka Marekani na kukitia katika chati ileile. Kila mama hapa aliyefungwa kile kitambaa cha presha mkononi akapampiwa, ana haki katika historia hii.

Niliposoma hayo nililifungua tena daftari langu.

Sitawachosha na kila kitu. Kabla ya Cushing walikuwapo wengine: William Macewen wa Glasgow aliondoa uvimbe wa kichwani mwaka 1879, na Victor Horsley aliajiriwa hospitali ya Queen Square, London, mwaka 1886. Walikuwa mahodari. Lakini Horsley hakuacha shule nyuma yake, na Cushing aliacha. Hapo ndipo penye tofauti, na ndilo hasa nililokuja kulisema.

Cushing alihamia hospitali ya Peter Bent Brigham, Boston, ambayo ilifungamana na chuo cha udaktari cha Harvard, ikafungua milango yake mwaka 1913. Pale ubongo haukupasuliwa haraka-haraka kama mguu uliovunjika. Alikwenda polepole. Tangu 1911 alikuwa akitumia vibanio vidogo vya fedha kuzuia damu mahali ambapo uzi haufiki. Mwaka 1926, pamoja na mwanafizikia William Bovie, alianza kutumia kisu cha umeme kinachokata na kuzuia damu papo hapo. Aliwaita tena wagonjwa ambao uvimbe wao alikuwa ameshindwa kuuondoa kwa kuogopa damu, akawamalizia kazi. Aprili 1931 alipasua uvimbe wa 2000 wa ubongo. Na kila mmoja kati ya hao alikuwa na faili: michoro aliyoichora mwenyewe, picha, barua za familia, na kipande cha uvimbe kimehifadhiwa.

Nani alilinda mafaili hayo? Louise Eisenhardt. Mwaka 1915 aliajiriwa kumsaidia Cushing maandishi. Kwa kushughulika na kumbukumbu za wagonjwa alizama katika elimu yenyewe, akaingia chuo cha udaktari cha Tufts, akahitimu mwaka 1925, akarudi kuwa ndiye anayetazama vile vipande chini ya hadubini, wakati mwingine mgonjwa angali mezani, na kusema huu ni uvimbe wa aina gani. Alifuata wagonjwa miaka na miaka kujua nani yu hai na kwa muda gani. Jarida kubwa la upasuaji wa ubongo lilipoanzishwa Marekani mwaka 1944, mhariri wake wa kwanza alikuwa yeye. Binti zangu mliokaa safu ya kwanza, nawatazama nyinyi ninapomtaja. Alianza kwa kutunza maandishi ya mtu mwingine.

Sisi watu wa mwambao tunajua neno zuri ambalo nadhani linafaa hapa kuliko neno idara. Neno hilo ni silsila. Mwanachuoni wa Lamu au wa hapa Mombasa akitoa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, kwa mwanafunzi wake, humtajia aliyemsomesha yeye, na aliyemsomesha huyo, mpaka nyuma kabisa. Elimu isiyokuwa na silsila hatuiamini, hata mwenye nayo awe fasaha vipi. Upasuaji wa ubongo ndivyo ulivyoenea. Haukuenea kwa vitabu, maana kitabu hakikuonyeshi ni kwa uzito gani kidole kigandamize mshipa. Mtu alisafiri, akasimama kando ya mwalimu wake mwaka mzima au zaidi, kisha akarudi kwao.

Norman Dott wa Edinburgh alikwenda kwa Cushing mwaka 1923. Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, alikwenda 1926. Wote wawili walirudi Uingereza wakaanzisha idara katika hospitali za kufundishia, Dott kwao Edinburgh, na Cairns London na kisha Oxford.

Kwa Cairns naomba nisimame kidogo, na hapa ndipo ninapowageukia vijana wa bodaboda.

Mei 1935 mwanajeshi maarufu wa Uingereza, T. E. Lawrence, aliyepigana upande wa Waarabu katika vita vya kwanza vya dunia, alianguka na pikipiki yake akiwakwepa watoto wawili wa baiskeli. Kichwa chake kilikuwa wazi. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Cairns alikuwa mmoja wa madaktari walioitwa. Hakukuwa na la kufanya, ubongo ulikuwa umeharibika pale pale barabarani. Kisu chake, ambacho kilikuwa miongoni mwa visu bora vya nchi ile, hakikuwa na faida. Akaenda akafanya kama Cushing alivyofanya, alihesabu. Alikusanya habari za waendesha pikipiki waliokufa na waliopona, na mwaka 1941, wakati wa vita vya pili, akachapisha matokeo: waliovaa helmeti, hata walipoanguka vibaya, vichwa vyao havikuumia sana kama vya wasiovaa. Mwaka huohuo jeshi likawalazimisha matarishi wake wa pikipiki kuvaa helmeti. Raia wa Uingereza walingoja sheria mpaka 1973. Cairns alikuwa ameshafariki miaka 21 iliyotangulia.

Kwa hiyo helmeti si wazo la polisi. Ililetwa na mpasuaji wa ubongo aliyeshindwa kumwokoa mtu. Sheria yetu ya Kenya inawataka dereva na abiria wake wote wawili wavae. Nami kila siku naziona zimetundikwa kwenye usukani, au kwenye kiwiko, kama kikapu cha sokoni. Wanangu, mimi nimewaosha damu nywele vijana wa umri wenu. Nawaambia kwa mapenzi: ya kwako ivae, na ya abiria wako uwe nayo, safi, ili mama wa watu asione kinyaa kuivaa.

Sasa turudi kwetu, Afrika. Msidhani kufungua fuvu kulikuja na meli. Abagusii wa Kisii walikuwa na mabingwa wao, omobari, ambao mtu aliyegongwa kichwani na akaendelea kuteswa na maumivu alipelekwa kwao. Omobari alichana ngozi, akakwangua mfupa taratibu mpaka karibu na utando, bila kuutoboa. Alijifunza kwa kukaa na aliyemtangulia. Silsila hiyo nayo ipo, na inastahili kutajwa pamoja na Boston na Oxford.

Katika hospitali za kufundishia za Afrika Magharibi, wa kwanza kutajwa ni Latunde Odeku wa Nigeria. Alisomea ubingwa Michigan, angeweza kubaki huko akaishi kwa raha. Mwaka 1962 alirudi Ibadan, akaanza upasuaji wa ubongo katika hospitali ya chuo kikuu. Alikuwa pia mshairi. Alifariki 1974 akiwa na miaka 47 tu. Miaka 12 ya kazi! Lakini alikuwa tayari na mwanafunzi, Adelola Adeloye, aliyeishika kazi ile Ibadan, na baadaye, katika utu uzima wake, akaenda kufundisha Malawi. Odeku hakuwahi kuishi uzee, ila mkono wake ulifika Malawi.

Jirani zetu wa Uganda wana kisa kinachoniuma zaidi. Mulago ilikuwa fahari ya Afrika Mashariki yote, hospitali ya kufundishia ya Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ian Bailey alianza pale upasuaji wa ubongo, na mwaka 1971 akaingia Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza katika fani hiyo. Kitanda, mwalimu, mwanafunzi, vyote vilikuwapo. Utazameni mwaka wenyewe lakini. Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali, 1972 Waasia wakafukuzwa, na wataalamu kwa mamia, wageni kwa wenyeji, wakaondoka. Kuta za Mulago zilibaki. Silsila ndiyo iliyobaki na uzi mmoja. Miongo mitatu baadaye madaktari wa ubongo wa nchi nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ilibidi msaada utoke mbali: tangu 2007 Michael Haglund wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, amekuwa akipeleka vifaa na walimu Mulago ili vijana wafundishwe hukohuko kwao. Idara inaweza kuvunjwa bila tofali moja kuanguka.

Nairobi nitapita haraka, wengi wenu mnaijua. Hospitali ya Kenyatta ilianza 1901, ikawa ya kufundishia chuo kilipoanza udaktari mwaka 1967. Waliotangulia katika upasuaji wa ubongo ni watu waliokuja kutoka mbali wakaamua kufanya kazi hapa, Mwitaliano Renato Ruberti wa Napoli na Jawahar Dar kutoka India, kisha akaja Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza, aliyesomea Belfast. Leo Chuo Kikuu cha Nairobi kinawafundisha mabingwa wake chenyewe. Kijana wa Kenya hahitaji tena Belfast.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika mji mdogo wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Mmarekani Benjamin Warf alihamia huko na familia yake mwaka 2000, kushughulikia watoto wenye kichwa maji. Mama zangu mnaujua ugonjwa huu: maji ya ndani ya ubongo hayapati njia, kichwa cha mtoto kinakua, macho yanatazama chini. Tiba iliyozoeleka ni mpira mwembamba unaoyatoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Mpira ukiziba, mtoto apasuliwe tena upesi, ama atakufa. Sasa mtoto wa kijijini, aliye mbali na hospitali siku nzima ya safari, ukimtia mpira umempa nini? Warf alilitazama hilo. Akaunganisha njia mbili kwa kutumia kamera nyembamba inayoingia ndani ya ubongo: kufungua kijitundu ili maji yapate pa kupita, na kuchoma sehemu ya vile vishipa vinavyoyatengeneza. Kwa watoto wengi mpira haukuhitajika tena. Na kwa kuandika habari za kila mtoto aligundua kuwa pale Mbale wengi wao hawakuzaliwa na ugonjwa ule, waliupata baada ya maambukizo ya wiki za mwanzo za uhai. Njia ile sasa inafundishwa Marekani kwenyewe. Elimu imesafiri kutoka Mbale kwenda Boston! Na Warf alipoondoka mwaka 2006 hospitali haikufungwa. John Mugamba, Mganda aliyesimama naye mezani miaka ile, aliendelea pale pale.

Hata ndugu zetu wa Unguja, tangu 2014 wana taasisi ya upasuaji wa ubongo pale Mnazi Mmoja, iliyojengwa kwa juhudi za daktari wa Kihispania José Piquer, na wageni wanaokuja hupasua pamoja na wenyeji. Kutoka hapa mpaka Unguja ni bahari ambayo babu zetu waliivuka kwa jahazi kwenda arusini.

Na sisi? Leo Mombasa mabingwa wa ubongo wapo, na mashine za CT, za kupiga picha ya ndani ya kichwa, zipo. Mashine ile, tangu Godfrey Hounsfield alipoipima kwa mgonjwa wa kwanza London tarehe 1 Oktoba 1971, imetuokoa na mengi. Kabla yake mgonjwa alitiwa hewa ndani ya ubongo ili eksirei ionyeshe kivuli, na maumivu yake yalikuwa makali mno. Nashukuru kwa kila mashine. Lakini hospitali yetu kuu pale Makadara, inayotegemewa na kaunti sita kutoka Lamu mpaka Taita-Taveta, siku hizi ina neno mafunzo katika jina lake. Neno hilo ni zito. Ninawaomba viongozi waliomo humu ukumbini, mkikaa kwenye bajeti, baada ya kuuliza mashine ni bei gani, muulize pia: kila bingwa tuliye naye, ni nani anayesimama kando yake? Yuko wapi kijana wa Kilifi au Tana River anayelipiwa kusomea kazi ile? Wako wapi wauguzi wawili wasiohamishwa kila miezi sita kupelekwa wodi nyingine, wanaojua daktari ataomba chombo gani kabla hajafungua mdomo? Bingwa mmoja asiyekuwa na mwanafunzi akipata kazi kwingine, tutarudi kutafuta gari la Nairobi.

Daftari langu lilijaa. Likafuatwa na la pili, na la tatu. Hayana jina la mtu hata mmoja. Yana saa tu: aliyeanguka mwembeni, aliyegongwa na matatu, mtoto aliyetumbukia kisimani. Ukiyasoma kwa kufuatana unaona saa za kungoja zikipungua mwaka hadi mwaka, na mahali fulani zimesimama, hazipungui tena.

Nimekuja nayo, yako ndani ya mkoba huu. Kuna binti hapa, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambaye miezi mitatu iliyopita aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Bibi, kwa nini ukurasa wa kwanza una mistari minne tu?" Nikamweleza habari za mgema. Mwanangu, njoo uyachukue. La nne nimelinunua jana, ni jipya, halijaandikwa kitu. Kalamu iko ndani.